Wimbo Uliokimbizwa

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mama Kola, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa alishona kola za mashati na si kitu kingine. Kipande kinatoka kulia, kinageuzwa, kinapita chini ya sindano, kinatupwa kushoto kwenye pipa la plastiki. Hata mtaani akikutana na mtu alitazama shingo kwanza, uso baadaye. Alikuwa na miaka hamsini na moja, mjane wa fundi mwashi, na mdomo wake haukuwa na breki.

Kitu kimoja alikijua kuliko kola, nacho ni nyimbo. Si zile nzito ambazo watu wenye miwani huzijadili. Yeye alipenda hizi za redioni, za mapenzi na masengenyo, za mtu kuachwa akabaki na funguo za gari lisilokuwepo. Alizijua zote, beti na vibwagizo. Na katika zote kulikuwa na mmoja aliouweka mahali pake: ule wa mwanamke anayemwambia mumewe arudi mapema, mlango hajaufunga. Huo walikuwa wakiucheza na marehemu sebuleni, viti vimesukumwa ukutani, na gitaa la mwisho likiingia tu, yule bwana anamkanyaga mguu wa kulia. Miaka ishirini na miwili ya ndoa hakuna siku aliyoukosa huo mguu.

Basi siku wakubwa wa kiwanda walipofunga spika nne darini na kutundika sanduku la maoni, karatasi ikisema kila mfanyakazi aandike nyimbo anazozipenda ili kazi iwe burudani, Mama Kola hakusubiri kuambiwa mara mbili. Aliandika nyimbo kumi na saba, mbele na nyuma ya karatasi, na ule wa mlango akauweka wa kwanza. Alijaza mwenyewe, kwa mkono wake. Hilo ndilo baadaye lilimchoma kuliko yote.

Wiki za mwanzo zilikuwa raha tupu. Mashine arobaini zinanguruma, wanawake arobaini wanaimba. Mama Kola aligundua kwamba wimbo wa mlango ukianza na kola mpya, ukiisha amemaliza kola tatu kamili, wala hakuhitaji saa ukutani. Kola tatu kwa wimbo, kola arobaini kwa saa, na hicho, vipande arobaini kwa kila mashine, ndicho kilikuwa kiwango cha kiwanda tangu zamani.

Halafu siku moja wimbo ukaisha na kola ya tatu bado iko chini ya sindano. Alidhani ni uzee. Kesho yake ikawa vilevile, naye akajilaumu, akakaza miguu, mpaka akaufikia. Jioni mabega yalimuuma kama amebeba matofali ya marehemu. Wenzake nao walilalamika, huyu mgongo, yule macho, lakini kila mtu alilaumu mwili wake. Hakuna aliyewaza kulaumu wimbo.

Ndipo msimamizi, kijana mwenye tai na kikokotoo, akabandika tangazo. Hongereni, lilisema, sasa mnafikisha arobaini na sita kwa saa. Mwisho wa mwezi hicho ndicho kitakuwa kiwango rasmi, na atakayeshindwa kukifikia siku tatu mfululizo atapisha wengine. Kuvikwa kilemba cha ukoka na kuonyeshwa lango, vyote kwenye karatasi moja.

Jumapili Mama Kola alikwenda kwa kaka yake mkubwa. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, mtaa mzima ukimwita Komredi, na kila Jumapili sebule yake ilijaa wazee watano wa chama kidogo cha mrengo wa kushoto, wakijadili namna wafanyakazi watakavyoamka. Kwa miaka yote hiyo mfanyakazi pekee aliyeingia mle ndani alikuwa dada yake, na yeye aliambiwa aandae chai.

"Kaka," alisema akiwa bado na birika mkononi, "kuna kitu hakiko sawa kwenye nyimbo za kazini. Mwimbaji amekuwa na sauti ya mtoto."

"Kisicho sawa ni nyimbo zenyewe," Komredi alijibu. "Mdogo wangu, nimekwambia mara ngapi? Hicho ni kileo. Penda huyu, nunua hiki, sahau shida zako. Wanawanywesha mlale, na ninyi mnaomba muongezewe."

Wazee walicheka. Mama Kola alimtazama kaka yake, na kama kawaida macho yakaenda shingoni. Komredi alikuwa na shati jipya, jeusi, lenye ngumi nyekundu iliyotariziwa mfukoni.

"Hilo shati umelitoa wapi?"

"Lile duka kubwa jipya, lenye ngazi za umeme. Zuri, eh? Shati la mapambano hili."

Aliweka birika chini, akazunguka nyuma ya kiti, akaigeuza ile kola. Kwenye ncha ya kushoto uzi ulikuwa umerudishwa mara tatu. Msimamizi alitaka mara mbili tu, lakini Mama Kola hurudisha tatu, kwa sababu mbili hufumuka.

"Hii nimeishona mimi," alisema. "Kaka, umekwenda kuninunua dukani, umenivaa, halafu unakaa hapa unanihubiria nilivyolala."

Komredi alijikohoza akasema hayo ni mambo mawili tofauti. Mama Kola alichukua mkoba wake akaondoka, na chai wakajimiminia wenyewe.

Pengine angemeza hasira yake kama alivyomeza nyingi, lakini Jumatano sindano ilipita kwenye ukucha wa Kifungo. Huyu alikuwa binti wa mashine ya jirani, mshona vifungo, mwenye mtoto mchanga nyumbani. Wimbo ulikuwa unakimbia, naye anaukimbiza. Hakupiga hata kelele. Alikaa tu akitazama kidole kilichogandishwa kwenye kifungo cheupe. Msimamizi alikuja mbio, na kitu cha kwanza alichokiinua ni nguo.

"Shati limeharibika," alisema.

Mama Kola alimtoa yule binti mwenyewe, akamfunga kidole kwa kipande cha kitambaa cha kola. Na akiwa amemshika hivyo, juu kichwani mwao yule mwimbaji aliendelea kumwita mumewe kwa ile sauti nyembamba ya kitoto, haraka haraka, kama mtu anayefukuzwa. Hapo akaelewa. Mwimbaji hakuwa na kosa, na yeye hakuwa mzee.

Kesho yake alikuja na simu yake, ambamo wimbo ule ulikuwemo tangu marehemu yu hai. Nyimbo za spika zilifuata mpangilio uleule kila siku, hata wakati wa chakula, na zilisikika mpaka uani, kwa hiyo alijua saa ya kungoja. Alisimama katikati ya ua ambako wanawake walikuwa wanakula, akainua simu juu, na spika ilipoanza tu, naye akabonyeza.

Zilianza pamoja. Kufika kibwagizo cha kwanza, spika ilikuwa mbele kwa neno moja. Ubeti wa pili, mbele kwa mstari mzima. Watu waliacha kutafuna. Spika ikamaliza, ikaanza wimbo mwingine, na mkononi mwa Mama Kola yule mwanamke bado alikuwa anaimba taratibu, gitaa la mwisho bado halijaingia.

"Simu yako mbovu, Mama," mmoja alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayeomba iwe hivyo.

Kifungo akatoa ya kwake kwa mkono uliofungwa. Kesho yake wakajaribu tena kwa simu hiyo, na wimbo mwingine kabisa. Matokeo yakawa yaleyale.

"Tulidhani wametuletea burudani," Mama Kola aliwaambia. "Wametuuliza tunachokipenda, tukawaandikia wenyewe, wakakichukua wakakigeuza kiboko. Mimi nyimbo hizi nimezijua kabla yule wa tai hajazaliwa. Wimbo wa mlango ni kola tatu. Si tatu na nusu. Nitashona tatu."

Mchana huo spika ilipoanza, aliimba yeye, kwa sauti, kwa mwendo wa sebuleni kwake. Kifungo akadakia. Safu nzima ya mashine ikadakia, na miguu arobaini kwenye vikanyagio ikafuata waimbaji, ikaiacha spika iende zake. Msimamizi aliongeza sauti. Wakaongeza za kwao. Akazima. Waliendelea bila spika, siku hiyo, na siku zote tisa zilizobaki, vipande arobaini kwa saa, bila kuzidi wala kupungua, wakijua kwamba kumfukuza mmoja kunawezekana na kuwafukuza wote arobaini shehena ya mashati ikiwa imeshaahidiwa kwa wanunuzi hakuwezekani.

Mwisho wa mwezi karatasi ilisema arobaini. Chini yake ilisema kwamba spika zimeondolewa, na kwamba mshona kola amehamishiwa chumba cha kufungasha maboksi. Huko alikuwa peke yake, na gundi na kisu. Baadhi ya wenzake walinung'unika kwamba sasa kazini kumekuwa kama msibani, na lawama hizo walimtupia yeye, si wa tai. Hilo nalo alilisikia.

Jumapili Komredi alimfuata nyumbani kwake mwenyewe, na kalamu. Alitaka kuandika kijikaratasi cha chama. Shati la ngumi hakulivaa.

"Sasa umeona," alisema, kwa upole safari hii. "Ule muziki ulikuwa sumu."

"Muziki haukuwa sumu. Walioutia sumu ninawajua. Na wewe ungekaa na spika ile miaka kumi usingejua kitu, kwa sababu hukuwahi kuusikiliza."

Komredi aliinamisha kichwa. "Basi niambie niandike nini. Wameiba nini hasa? Kola sita kwa saa?"

Mama Kola aligeuza kichwa, maana dirisha la jirani lilikuwa wazi na redio imewashwa, na yule mwanamke ameanza kumwambia mumewe arudi mapema. Mwendo ulikuwa wenyewe kabisa, sauti nzito, ya mtu mzima. Mama Kola alifumba macho amngoje marehemu kama siku zote. Marehemu hakuja. Kilichokuja ni pipa la plastiki na harufu ya mafuta ya mashine, na mabega yakapanda yenyewe, na chini ya meza mguu wake wa kulia ukaanza kukanyaga. Kanyaga, achia, kanyaga. Aliuambia utulie, haukutulia.

"Andika wimbo," alisema. "Andika kwamba wameniibia wimbo."

Na gitaa la mwisho lilipoingia, aliinua mguu wa kushoto, akaukanyaga ule wa kulia kwa nguvu zake zote, akaubana hapo sakafuni mpaka likaisha.