Nilimletea Mama Sauna ya Magoti, Sasa Wanamwita Mchawi

Admin, weka hii lakini jina langu likae kwako, tafadhali. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nauza nguo Keumbu. Kabla ya hapo nilifanya kazi ya nyumba Ghuba miaka mitano. Kwetu ni Nyamira, na huko ndiko anaishi mama yangu, mjane, boma moja na ndugu yangu na mke wake. Mniambie ukweli, hata kama ni wa kunitukana.

Mama amechuma majani chai hadi magoti yakakataa. Niliporudi nikambebea sauna ya kukunja. Ni kihema kidogo: unakaa ndani kwa kiti, unafunga zipu hadi shingoni, kichwa kinabaki nje. Hakuna moto wala mvuke, ni joto la infraredi tu, na taa zake ni nyekundu. Haki ilimsaidia. Akaanza kupanda hadi kanisani bila fimbo.

Ujinga wangu ni huu. Nilimwambia, "Mama, usionyeshe mtu. Wakijua watajaa hapa na magoti yao, na stima nalipa mimi." Akanyamaza kweli. Alikuwa anaingia humo saa kumi na moja alfajiri kabla ya kwenda shambani, anafunga macho, anaomba.

Jirani mmoja akipeleka maziwa akachungulia dirishani. Akaona chumba chekundu, kichwa cha mama peke yake, midomo inacheza. Baadaye akamuuliza mama kwa heshima ya mtu mzee, "Omong'ina, ni nini huwaka kwako asubuhi?" Mama akajibu, "Hakuna kitu." Mama yangu hajui kudanganya, mimi ndiye nilimfundisha.

Haukuisha mwezi, mume wa huyo jirani akaanguka shambani akafa. Watu wa kwetu mnajua neno omorogi, mchawi, likishatajwa kwa mtu mzee huishia wapi: usiku, kwenye moto. Matangani hakuna aliyegusa ndizi alizopika mama. Kanisani anakaa benchi peke yake.

Nikapandwa na hasira, nikaenda. Nikaita akina mama, nikavuta waya hadi uani, nikaingia kihemani mwenyewe, nikawasha. "Oneni! Ni dawa ya magoti tu!" Hakuna aliyecheka. Mmoja akasema polepole, "Kumbe uchawi mlienda kuuchukua ng'ambo." Wakaondoka mmoja mmoja, mimi nimebaki kihemani, kichwa nje.

Nimemwomba mama aje tukae Keumbu. Amekataa katakata. "Nikitoroka, nimekubali. Na hawa wajukuu nikiwaacha hapa, wataitwa nani?" Ndugu yangu anataka tukichome kihema, mimi nasema tukikichoma watasema tumeficha ushahidi. Tumegombana hadi hatuongei.

Leo asubuhi wifi amenipigia akinong'ona. Jana walipita vijana wawili asiowajua, wakamsalimia vizuri sana, wakamuuliza mama hulala chumba gani. Na yeye, kwa uoga, akawaonyesha.

Jamani, nimtoe mama kwa nguvu hata kama atanilaani, ama niende nilale naye chumba hicho hicho? Yeyote mwenye neno aniambie sasa hivi, msingoje jioni.