Siku Mwewe Aliposhuka Kabla ya Mchana

Kwa miaka kumi na moja dereva wa kreni, ambaye wajenzi wenzake walimwita Mwewe, alijivunia jambo moja: akishapanda asubuhi, hashuki mpaka mchana. Ngazi ina vidato mia mbili na arobaini, na choo kiko chini, nyuma ya stoo ya saruji. Kwa hiyo hakunywa maji, na haja ilipomjia aliiambia isubiri. Ikazoea kusubiri. Mwishowe ikaacha kuja.

Siku ya tano bila kupata choo, tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma. Usemi huo ni wa mkewe, aliyeligonga ili kuhakikisha.

Shemeji yake, muuguzi, alimsikiliza bila kucheka, na haikuwa kazi ndogo.

"Shemeji, choo kikikaa sana, utumbo unakifyonza maji, inabaki kokoto. Kunywa maji. Kula maharage, mboga za majani, papai. Tembeatembea. Ukikaa chooni, weka kigoda chini ya miguu. Na ukiitwa, nenda."

"Nikiitwa niko juu?"

"Unashuka. Au tukuletee kreni? Keshokutwa jioni kukiwa bado kimya, nakupeleka hospitali. Ukitapika au ukiona damu, hata leo."

Alitii kwa bidii ya mtu anayeogopa mpira wa enema, ule wa hospitali wa kuingiza maji kwa nyuma. Keshokutwa hiyo ilipofika, saa nne asubuhi, akiwa na tangi la maji linaning'inia hewani, akaitwa. Mkono wake, kwa mazoea, ukaendelea kunyanyua. Kisha ukasita.

"Msimamizi," alisema redioni, "natua mzigo. Nashuka."

"Kuna hitilafu?"

"Ipo. Nadhani inaondoka."

Redio ile ilisikika kwa kila mtu, na habari za tumbo lake zilikuwa zimeshaenea kazini. Tangi lilipotua, mashine ya zege ikazimwa. Mafundi wa nondo wakaanza kuhesabu vidato kwa sauti.

"Mpisheni mzee," msimamizi akaamuru, "na asichekeshwe."

Mlango wa choo ukafungwa. Watu arobaini wakatazama ukuta wa stoo kwa heshima ambayo stoo haikuwahi kupewa.

Baada ya dakika kumi na mbili Mwewe alitoka, akitembea kama waziri aliyetoka kuapishwa. Kofia za plastiki zikarushwa juu, kinyume cha kanuni zote za usalama. Yeye alinawa mikono, akampigia mkewe simu.

"Mama watoto, hospitali hatuendi."

 Kisha akamsikia akiwatangazia majirani, mlango hadi mlango, bila kuficha kitu.