Kabla Hujaiflashi Simu ya Mtu

Siku ninayoikumbuka sana, mwanangu, ni Jumamosi moja ya mwezi wa sita, ule mwezi ambao Mlima Meru hujifunika wingu wiki nzima na Arusha yote inavaa masweta. Nilikuwa na kibanda cha ufundi simu pale Kwa Mrombo, nina miaka thelathini na miwili, na sifa zilikuwa zimenijaa mpaka shingoni. Leo mnaniita bibi kwa sababu binti yangu amejifungua, nami nimekubali, ingawa magoti yangu bado yanabisha. Umeniomba nikufundishe kuweka kwenye simu mfumo mwingine ambao kiwanda hakikuuweka. Nitakufundisha. Ila nisikilize kwanza, maana hadithi yenyewe mpaka leo kuna mahali hainikalii sawa kichwani.

Aliyekuja siku ile ni Mwalimu Anaeli, mwalimu wetu wa kwaya kule Kikwe nilikozaliwa. Mimi nilishahamia Lemara, lakini kila Jumapili nilirudi kuimba sauti ya pili chini ya mkono wake. Mwalimu hakujua kuandika nota. Wimbo ukimjia akiwa anapalilia kahawa, alitoa simu mfukoni akarekodi sauti ya kwanza, kisha ya pili, ya tatu na ya nne, zote kwa koo lake moja. Umri ulikuwa umesogea na kumbukumbu ilishaanza kumtoroka. Aliweza kukuuliza habari za mama yako mara tatu kabla chai haijapoa. Ndiyo maana alirekodi. Wimbo wa sikukuu ya mavuno ya mwaka ule alikuwa ameshautunga wote, beti tatu, hajatufundisha hata mstari mmoja, na ulikuwa ndani ya simu ile tu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Nsia mama. Watoto hawajambo? Mama yako je? Simu yangu hii imechoka. Nikiigusa inaganda."

Nilifurahi, mwanangu, nakwambia ukweli. Miezi miwili nyuma nilikuwa nimejifunza kuflashi, yaani kuufuta mfumo wa zamani wa simu na kuweka mwingine mwepesi uliotengenezwa na watu wa mtandaoni. Nilijifunza kwa kusoma kurasa za Kiingereza na kunakili kwenye daftari la shule la binti yangu. Nusu niliielewa, nusu niliikariri. Nilishafanya simu tatu, zote zikapona, basi nikajiona daktari bingwa.

Nikatoa laini, nikatoa kadi ya kumbukumbu, nikaviweka kwenye kifuniko cha kopo mbele yake. Sisi mafundi wa huku ndivyo tulivyozoea. Mteja akishashika laini yake na kadi yake, tunahesabu kwamba vyake vyote anavyo, na kilichobaki mezani ni chuma na kioo.

"Kuna kitu cha muhimu humu ndani?" nikamuuliza, macho yangu yakiwa kwenye kompyuta.

"Si uliniambia vyote vinaingia kwenye kadi?"

Kweli nilimwambia, siku nilipomwekea ile kadi. Nilichosahau ni kuiambia simu. Kuna mahali kwenye mipangilio ambapo ilibidi nichague rekodi zihifadhiwe kwenye kadi, nami sikuchagua. Na sasa kadi ilikuwa pale mezani, ningeweza kuifungua kwenye kompyuta nikatazama. Dakika moja tu. Waliosema kuuliza si ujinga hawakunidanganya, ila mimi niliuliza bila kulisikiliza jibu.

Nikasoma modeli nyuma ya betri, herufi kwa herufi, nikalinganisha na faili nililoshusha. Hilo nililifanya vizuri, nawe ulifanye, maana simu mbili zinaweza kufanana sura na zikakataana mfumo. Nikahakikisha chaji imepita nusu. Nikabonyeza kwa pamoja kitufe cha kuwashia na cha kupunguza sauti, skrini ikaja nyeusi yenye maandishi. Hapo hufunguliwa kufuli la kiwandani, kwa sababu bila kulifungua simu haipokei mfumo mgeni. Simu ikaniuliza: ukifungua, kila kitu kilichomo ndani yangu kitafutika, unakubali? Nikakubali. Nilidhani inanitisha tu, vitu vya Mwalimu si hivi hapa kwenye kifuniko?

Nikaingiza mfumo mpya, nikaiwasha. Alama ikawa inazunguka. Dakika tano, kumi, kumi na tano. Zile simu tatu za kwanza hazikukawia hivyo, nami nikachanganyikiwa, nikalipekua daftari mbele na nyuma kama mwanafunzi asiyesoma. Sasa najua kwamba kuwaka kwa mara ya kwanza huchukua muda na hutakiwi kuizima. Siku ile nilikuwa naomba kimoyomoyo. Mwalimu anakunywa chai yake taratibu, ananiuliza mama hajambo. Mara simu ikawaka, nyepesi, haigandi hata kidogo, nikarudisha kadi na laini na kumkabidhi kwa mikono miwili.

Akaitazama. Akagusa huku, akagusa kule.

"Nsia mama, nyimbo zangu zimehamia wapi?"

Nikatafuta. Kwenye kadi kulikuwa na picha za ng'ombe wake na za harusi ya mwanawe. Nyimbo hazikuwepo. Nikatafuta tena palepale nilipokwisha kutafuta. Kilichonichanganya ni kwamba sikuwa nimekosea hatua hata moja ya daftari. Simu ilikuwa nzima kuliko ilivyotoka kiwandani, na bado mzee wa watu alikuwa ananitazama akingoja. Nikasema uongo ambao wala sikuupanga.

"Zinajipanga, Mwalimu. Mfumo mpya huchukua siku chache."

"Ahaa. Zinajipanga." Akatabasamu, akanishukuru, akanibariki, akaondoka. Baraka ile iliniuma kuliko kofi.

Wiki nzima nilihangaika. Niliomba simu yake kwa siku moja nikajaribu programu za kurudisha vilivyofutika, zikaniletea picha vipandevipande na sauti zisizofunguka. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijua, lakini niliendelea kuyazoa. Nikamrudishia simu kupitia kwa jirani ili nisimtazame usoni. Jumapili sikwenda kanisani. Nilisema nina malaria.

Mchana wa Jumapili hiyohiyo mama Ndeshi, mke wa Mwalimu, akabisha hodi kwangu Lemara. Alikuwa na kitenge cha kanisani na kifurushi cha ndizi za mgonjwa. Alinikuta nafua nguo.

"Pole na malaria," akasema, akaweka ndizi chini. "Mume wangu kila jioni anakaa na simu sikioni. Anasema Nsia amesema nyimbo zinajipanga. Nimekuja kuuliza zitamaliza lini."

Nilitaka kujibu kifundi, nikaacha. "Hazipo, mama. Zilifutika siku ileile. Ni mimi."

Nilitegemea atanigombeza kwa sababu ya simu. Hakunigombeza kwa hilo.

"Jumamosi ile alirudi nyumbani anauimba wimbo wote tangu njiani," akasema. "Nikamwambia aniimbie tena. Akasema hapana, asijichoshe, simu inao. Jana nimemwomba, kaimba beti mbili akakwama. Simu kufuta ni bahati mbaya, Nsia, vitu huharibika. Lakini siku ile wimbo ulikuwa bado umo kichwani mwake. Ungesema kweli tungekaa naye jioni ileile akauimba wote. Hii wiki umemnyang'anya wewe."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nililia mikono ikiwa na povu la sabuni, naye hakunibembeleza.

Tukaenda Kikwe pamoja. Mwalimu nilimkuta kwenye benchi la nje, simu ipo sikioni kweli. Nikapiga magoti, nikamwambia kila kitu, kadi, mipangilio, uongo.

"Kwa hiyo hazijipangi?"

"Hazijipangi, Mwalimu. Nisamehe."

Alikunja uso, sikujua kama ni hasira au anatafuta neno. Kisha akasema, "Basi washa ya kwako turekodi." Akaimba ubeti wa kwanza kwa sauti zote nne, akaimba wa pili. Wa tatu akauanza, akasimama, akarudi kwenye wa kwanza. Nilikwenda siku nne mfululizo, na kila siku alifika palepale.

Sikukuu ya mavuno tuliimba beti mbili. Kanisa lilijaa, watu walifurahi, hakuna aliyejua isipokuwa sisi wanakwaya. Tulipomaliza ubeti wa pili Mwalimu hakushusha mikono. Aliiweka juu, akawatazama sauti ya kwanza, akatutazama sauti ya pili, akatupa ishara ya kuanza. Hatukuwa na cha kuanza. Akaendelea kuongoza, polepole, midomo ikicheza, mbele ya kwaya iliyonyamaza, mpaka akafika mwisho wake mwenyewe na kuteremsha mikono. Mpaka leo sijui kama alisahau kwamba ubeti wa tatu haupo, au alikuwa anausikia peke yake. Nimejiuliza miaka yote hii na sipati jibu.

Basi, mwanangu, chukua maneno yangu. Usiiguse simu ya mtu kabla hujakaa naye mkaifungua pamoja na kumuuliza kuna nini humu, picha, sauti, namba, ujumbe wa marehemu. Usimwamini anayesema vyote viko kwenye kadi, hasa kama ni wewe uliyemwambia. Nakili kila kitu, kisha ifungue hiyo nakala uisikilize kwa masikio yako. Soma modeli, jaza chaji, na skrini ikikuuliza kama unakubali, toa mkono kwenye kitufe na usome tena, neno usilolielewa uliza. Hayo ni ya ufundi, na utayajua kuliko mimi. Ila siku utakapoharibu, na utaharibu, sema saa ileile, mwenye mali akiwa bado amekaa mbele yako. Usimwambie asubiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kuna watu ambao siku moja kwao ni nyingi.

Mungu aibariki mikono yako iwe na subira. Akupe wateja watakaokuamini, na akupe moyo wa kuwaambia kweli hata ikikuaibisha. Haya, sasa leta huo waya tuanze.