Dola Kumi na Mbili Kwenye Pindo la Pazia

Kwa miaka thelathini na moja Mama Pazia alishona mapazia, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mdomo wake ulikuwa umejaa pini. Ndiyo maana watu wa mtaani walimwona mkali. Hakuwa mkali. Ni kwamba mtu mwenye pini kumi na nne katikati ya midomo hawezi kucheka bila kuuhatarisha ulimi wake, naye alikwishazoea kutocheka hata pini zikiwa kwenye kikopo. Mteja akileta mzaha, alimtazama kwa juu ya miwani, kisha akaendelea kumpimia kitambaa.

Mama mkwe wake alipofariki, akiwa na miaka tisini na kitu, vitu vya nyumbani viligawanywa kwa amani. Wifi yake, binti wa marehemu, alichukua kabati, vikombe vya kaure na redio isiyosema. Mapazia ya sebuleni yalikosa mtu wa kuyataka. Yalikuwa ya mahameli ya kahawia, mazito kama mtu aliyelala, na yalinuka vitunguu vya miaka arobaini. "Mpeni fundi," walisema wote kwa pamoja, na fundi akapewa. Aliyatia kwenye gunia, gunia akalisukuma chini ya cherehani, likawa mahali pa kupumzishia mguu.

Miezi minane baadaye, Jumatatu moja isiyo na wateja, aliamua kuyafumua apate vitambaa vya foronya. Alipoanza na pindo la chini, wembe uligusa kitu kigumu. Hakushtuka. Mapazia mazito hutiwa vyuma kwenye pindo ili yaning'inie yamenyooka, na yeye mwenyewe alikuwa ameshonea mamia ya vyuma hivyo. Kilichomfanya asogeze kiti karibu na dirisha ni mshono. Kila chuma kilikuwa na kifuko chake, kimeshonwa kwa mkono, kwa mishono midogo kama ya nguo ya mtoto mchanga. Nani anajisumbua hivyo kwa ajili ya chuma?

Alikata uzi wa kifuko cha kwanza. Ikamdondokea mapajani sarafu kubwa, imefifia kwa weusi, yenye uso wa mwanamke upande mmoja na ndege aliyetanua mabawa upande wa pili. Alifumua cha pili, cha tatu. Sita kwenye pazia la kushoto, sita kwenye la kulia. Alizipanga kwenye sakafu, akazitazama, akaenda kufunga mlango, akarudi kuzitazama tena.

Mapazia yalikuwa yake, na ukoo mzima ulikuwa shahidi. Angeweza kunyamaza mpaka kesho kutwa. Lakini simu aliishika palepale.

"Wifi, njoo."

"Kuna msiba?"

"Hapana."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Njoo tu."

"Wewe hujawahi kuniita bila msiba," alisema wifi yake. "Nakuja."

Wifi huyu alikuwa mkunga mstaafu. Nusu ya mtaa ilipitia mikononi mwake ikiwa uchi, kwa hiyo hakuwa na haya na mtu, na alicheka na kila mtu. Alifika akiwa amevaa kiatu cheusi mguu mmoja na cha bluu mguu mwingine. Alipoziona zile sarafu aliketi sakafuni taratibu, kama anayeshushwa kwa kamba.

"Hizi ni za baba," alisema.

Baba yake alikuwa mpishi wa meli. Kila safari alimletea mke wake dola moja ya fedha, akamwekea kiganjani, na mama akasema asante, na sarafu haikuonekana tena. Mambo yalipokuwa magumu watoto walimuuliza mama yao zile dola za baba ziko wapi. Alijibu kila mara neno lilelile: zimekwenda kazini. Wote walielewa kwamba amezitumia.

"Kumbe alisema kweli," wifi alisema, akishika pindo lililofumuliwa. "Zilikuwa kazini. Miaka yote hii zilikuwa zinanyoosha pazia."

Hapo ndipo Mama Pazia alipocheka. Kicheko kilianza kwa kukwaruza, kama cherehani isiyotiwa mafuta siku nyingi, kikakwama, halafu kikashika kasi. Wifi yake hakuwahi kukisikia tangu siku kaka yake alipomwoa Mama Pazia. Alimkodolea macho kidogo, kisha naye akalegea. Wakabaki pale sakafuni, wanawake wawili waliopita miaka sitini, wakifutana machozi kwa pazia linalonuka vitunguu.

Walipopata pumzi walianza kupanga namna ya kuziuza. Mama Pazia aliingia ndani kuchemsha maji, na aliporudi alimkuta wifi yake amekunja mikono ya blauzi, anasugua sarafu ya tatu kwa mswaki.

"Unafanya nini?"

"Nazisafisha. Mtu haendi mbele za watu na uso mchafu."

"Acha, wifi. Mimi nikiletewa kitambaa cha zamani, sikifui kabla sijajua ni kitu gani."

Wifi aliacha, lakini kwa shingo upande, maana zile tatu zilikuwa zinang'aa kama vijiko vya harusi.

Kesho yake asubuhi walikwenda kwa sonara. Wifi alisisitiza kubeba sarafu kifuani, kwenye sidiria, mahali alipoamini kwamba hakuna mwizi mwenye akili angethubutu. Tabu ni kwamba kila alipopiga hatua ziligongana, akawa analia kama kabati la vyombo linalohamishwa. Watu waligeuka. Mama Pazia alikohoa kufunika mlio ule, hatua baada ya hatua, mpaka mwanamke mmoja kituoni akampa pole ya kifua.

Sonara alikuwa na duka dogo lenye vioo pande tatu. Alizimwaga zote kwenye mizani kwa mpigo, akasoma namba, akashusha pumzi kama mtu aliyeletewa matatizo.

"Fedha chakavu, mama zangu. Mimi nayeyusha tu. Nitawapa kwa uzito, na hapo ni kwa kuwaheshimu."

Alitaja bei. Wifi alikwishafungua mkoba. Mama Pazia hakuwa amesikiliza bei, alikuwa anatazama mikono. Sarafu kumi na moja yule bwana alizikusanya kwa kiganja kama njugu. Moja aliichukua kwa ncha za vidole viwili, kwenye ukingo, akaitua pembeni juu ya kitambaa laini. Kwa miaka thelathini na moja Mama Pazia alikuwa amewaona wateja wanaosema kitambaa hiki hakifai huku vidole vyao vinakipapasa. Mkono ule aliufahamu.

"Tutarudi," alisema, akazizoa zote, ile ya kwenye kitambaa ikiwa ya kwanza, na wifi akazirudisha kifuani.

Sonara alipandisha bei wakiwa bado kaunta. Aliipandisha tena walipofika mlangoni. Mara ya tatu aliwafuata mpaka barabarani, kile kioo chake cha kukuzia kikiwa bado kimebanwa kwenye jicho, akigongana na wapita njia upande usioona. Wifi alianza kukimbia, akilia kama kabati, na Mama Pazia, ambaye hakuwa amekimbia tangu shule, alikimbia nyuma yake. Hawakusimama mpaka benki, na hapo si kwa kupenda, bali kwa sababu ya mbavu.

Mhudumu wa benki aliwapa maji, akawaambia benki haikadirii thamani ya vitu kama hivyo. "Lakini kuna mzee mmoja," alisema, "alikuwa anatunza sarafu za makumbusho. Yuko juu ya duka la fundi viatu. Tunamwita Bwana Lenzi. Yeye hanunui. Anatazama tu na kuandika."

"Hanunui kabisa?" aliuliza Mama Pazia.

"Kabisa. Unamlipa ada yake, anakupa karatasi."

"Huyo ndiye," alisema Mama Pazia.

Chumba cha Bwana Lenzi kilikuwa na meza moja, taa moja ya shingo ndefu na harufu ya gundi iliyopanda kutoka chini. Mwenyewe alikuwa mwembamba, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni. Alitandika kitambaa, akaomba sarafu. Wifi alimgeuzia mgongo kuzitoa, na mzee akatazama dirishani kwa adabu mpaka mlio ulipokoma.

Hakuzipima kwa mkupuo. Aliipima moja, akaandika, akaigeuza, akatazama ukingo wake, akaandika, ndipo akachukua nyingine. Alizishika zote pembeni, kwa ncha za vidole. Alipofikia zile zinazong'aa alisimama.

"Hizi tatu zimesuguliwa na nani?"

Wifi alitazama dari. Mama Pazia alimtazama wifi.

"Kwa dawa ya meno," mzee aliongeza.

"Umejuaje?" wifi alishindwa kujizuia.

"Zinanukia mnanaa." Aliziweka kando kwa huzuni. "Sarafu ya zamani haisuguliwi, dada yangu. Wanunuzi wanautaka ule weusi, ndio umri wake. Hizi zimepungua thamani. Fedha imebaki, bei ya ziada imekwenda na povu."

"Kwa hiyo zimebaki fedha za fedha tu," wifi alisema kwa unyonge, na Mama Pazia akauma ncha ya kanga yake ili asicheke mbele ya mgeni.

Kisha mzee akatoa sumaku. Fedha halisi, alieleza, haivutwi na sumaku. Aliipitisha juu ya sarafu moja moja, nazo zikalala kimya. Alipofikia ya tisa, ambayo hata kwenye mizani ilikuwa imemfanya akune kidevu, ile sarafu iliruka na kunasa, tak.

"Hii ni bandia," alisema Bwana Lenzi. "Chuma kilichopakwa. Samahani sana."

Wifi aliikodolea macho. "Baba yangu," alisema polepole, "alikuwa akitwambia kila siku hajazaliwa mtu wa kumtapeli. Bandari zote alizopita. Kila siku, mezani, na kijiko mkononi." Sauti ikaanza kumtetemeka. "Na mama akaishonea kifuko. Kilekile kama cha nyingine."

Wakaangua kicheko wote wawili. Wifi alipiga meza, sumaku ikaruka na sarafu yake. Bwana Lenzi alijitahidi. Alifungua kifungo cha shingoni, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, kisha akatoa mlio mwembamba kama wa birika, na baada ya hapo hakuwa na msaada kwa mtu. Fundi viatu aligonga dari yake kwa nyundo kuuliza kama kuna usalama.

Utulivu ulirudi polepole. Mzee alichukua sarafu ya mwisho, ile ile ambayo sonara aliitua juu ya kitambaa, na safari hii alikaa nayo muda mrefu. Alifungua kitabu kikubwa, akakifunga, akakifungua tena.

"Njooni mtazame hapa," alisema, akimpa Mama Pazia kioo. "Upande wa ndege, chini ya shada la majani. Mnaona nini?"

"Herufi. Mbili, ndogo."

"Hiyo ni alama ya karakana iliyoitengeneza. Karakana ile ilifungwa zamani, na mwaka ulioandikwa hapa ilitoa chache. Halafu hii haikuzunguka sokoni sana, na ilikaa kwenye mahameli, haikugusana na kitu." Aliitua kwenye kitambaa. "Hii moja inazizidi nyingine zote kwa pamoja. Na si mara moja, wala mara mbili."

Aliandika makadirio kwenye karatasi: bei ya chini wasiyopaswa kushuka, na bei ya juu wasiyopaswa kuiota. Mama Pazia alisoma ya chini, akashikwa na kwikwi. Alipewa maji, akapigwa mgongoni, akaambiwa abane pumzi. Kwikwi ilikwenda naye mpaka nyumbani.

Waliuza baada ya wiki tatu, wakiwa wameuliza wanunuzi watatu, kila mmoja akionyeshwa karatasi kwanza na sarafu baadaye. Walibakiza mbili: mojawapo ya zile za mnanaa, na ile bandia, ambayo wifi alisema asingeiuza hata kwa nyumba.

Ugomvi pekee ulikuwa wa kugawana.

"Mapazia yalikuwa yako," alisema wifi. "Nipe kidogo tu, ya kunistiri."

"Baba alikuwa wako."

"Mimi nilichukua kabati."

"Basi leta kabati tuligawe nusu kwa nusu," alisema Mama Pazia, na wifi, ambaye utani kutoka kinywa kile ulikuwa bado mgeni kwake, akacheka mpaka akakubali. Waligawana sawa.

Wifi alibadilisha bati lote la nyumba yake. Mama Pazia aliagiza meza ya kukatia vitambaa. Miaka yote alikuwa anakata akiwa amepiga magoti sakafuni, na magoti yalikuwa yameanza kumjibu. Seremala alitengeneza meza ya mita tatu na nusu, laini kama kioo, na siku ya kuileta watu sita waliibeba vichwani kupita mtaani, wifi ametangulia akiwasogeza watu kama anayeongoza harusi.

Meza haikuingia mlangoni. Waliijaribu kwa ubavu, kwa miguu, kwa kuigeuza. Mwishowe ilibidi seremala ang'oe fremu ya dirisha, meza ikapitishwa hapo, na Mama Pazia, aliyepima madirisha ya mji mzima, alikiri mbele ya umati kwamba mlango na dirisha vya kwake hajawahi kuvipima.

Walipobaki wawili, wifi alisema meza hii ni lazima ijaribiwe. Walikanyaga kiti wakapanda mezani, wakajilaza mmoja huku na mwingine kule, miguu ikielekeana, wakatazama dari. Ilikuwa inawatosha na nafasi ikabaki. Walipotaka kushuka waligundua kiti kimeanguka.

Wakati huo akaingia mteja kuulizia pazia la chumba cha kulala. Aliwaona, akarudi nyuma hatua moja.

"Karibu, mwanangu," alisema Mama Pazia kutoka juu, machozi ya kicheko yakimtiririkia masikioni. "Niokotee kiti hicho, halafu niambie vipimo vyako."