Majokofu Yasiyosemezana

Siku akina mama wa Kamuli waliporudishwa nyumbani na watoto wao bila chanjo, nilikasirika sana. Jokofu la zahanati yao lilikuwa limepata joto tangu jana yake, na kifaa cha kupima joto kilitoa taarifa ipasavyo. Ila kilimpa taarifa aliyekiuza peke yake, kwenye skrini ya huko mjini. Mimi ninayesimamia mitambo ya hospitali na zahanati zake nilikuwa mbali, Nyakakika, natazama skrini ya kampuni nyingine. Vifaa vya kampuni hizo mbili havisemezani hata ukiviweka chumba kimoja.

Nikaapa kwamba hakinunuliwi tena kifaa kisichotoa vipimo kwa mpangilio wa wazi, ambao mfumo wowote unaweza kuusoma.

Muuzaji aliyefuata alikuja na vipeperushi vya kung'aa. Kila nilichouliza, jibu lilikuwa lile lile: "Vifaa vyetu vinafuata viwango vyote vya wazi." Mganga mfawidhi alishatoa kalamu asaini mkataba. Mimi ni mbishi, nalisema bila haya.

"Mzee," nikamwambia mganga, "kwetu mwenye rubisi huonja kwanza, ndipo mgeni anywe. Huyu bado hajaonja."

Mganga, mzaliwa wa Muleba, akacheka. Hata kwao pombe ya ndizi hainywewi vinginevyo. Akairudisha kalamu mfukoni.

Muuzaji akasema majaribio yatafanyika mkataba ukishasainiwa. Nikamjibu kwamba maneno matupu hayavunji mfupa. Akaondoka amenuna, akarudi na fundi na kifaa kilichorekebishwa. Tukakifunga kwenye jokofu tupu la stoo ya hospitali na kukiunganisha na mfumo wetu. Nikaingiza humo namba ya simu ya muuguzi wa Kamuli ili taarifa zimfikie, bila kumwambia, kisha nikachomoa waya wa umeme mbele yao.

Tukakaa kusubiri. Chai ikaletwa, ikapoa. Muuzaji alitoka jasho, nami niliogopa kuliko yeye, maana kifaa kikikaa kimya, Kamuli ingeendelea kukaa bila chanjo.

Simu yangu ikaita. Alikuwa muuguzi wa Kamuli, na alikuwa anafoka.

"Jokofu lenu la stoo linapata joto na nyie mmekaa tu? Hamisheni chanjo haraka."

Nikamwambia ni tupu, tunajaribu kifaa.

"Basi nileteeni kifaa hicho," akasema, "niwaite wale akina mama."