Hadithi Yangu Kinywani mwa Mwingine

Mpaka nilipofikisha miaka arobaini na moja sikuweza kusema mbele ya watu zaidi ya sita. Kazini kwangu Alexandria, huku Marekani, kwenye nyumba ya kutunza wazee, naongea kutwa bila shida, maana naongea na mtu mmoja mmoja. Lakini nikisimama, watu wakanyamaza kunisikiliza, karatasi ilitetemeka mkononi mpaka walio mbele waione. Mwenzetu mmoja alipostaafu niliombwa niseme neno la shukrani. Nikasema, "Mama, tunakushukuru," nikasahau yaliyobaki, nikakaa. Walinipigia makofi ya huruma. Makofi ya namna hiyo hayasahauliki.

Tunasali Lanham, kwenye kanisa lenye ibada ya Kiswahili: Wakongo, Warundi, Wakenya, na sisi Watanzania wachache. Kulikuwa na dada mmoja Mkenya, amenizidi kama miaka kumi, ambaye ndiye aliyeshika kipaza sauti kwenye kila harusi na kila msiba. Mama mchungaji aliponiomba nitoe ushuhuda wa dakika kumi siku ya kina mama, kuhusu kazi ya kutunza wazee, nilimfuata dada huyo kwenye maegesho nikamwambia sitaweza.

"Utaweza," akasema. "Nipe wiki sita tu. Kila Jumamosi asubuhi nitakuja kwako."

Na alikuja, hilo siwezi kumnyima. Alichagua chumba cha mashine za kufulia, chini kabisa ya jengo letu, akisema mashine zikizunguka zitanilazimisha nitoe sauti tumboni. Yeye alikaa mwisho wa chumba, mimi nikasimama mlangoni. "Sikusikii," alikuwa akisema. "Bado sikusikii." Alinifundisha nisichezee pete, nimtazame mtu mmoja mpaka sentensi iishe. "Ukisahau, nyamaza. Usiombe radhi. Watu watadhani umenyamaza makusudi." Siku moja jirani aliyekuja na kapu la nguo, asiyejua Kiswahili hata neno moja, alisimama akanisikiliza mpaka mwisho. Nilipanda ngazi siku hiyo nikicheka peke yangu.

Wiki ya tatu akaniambia maneno yangu ni matamu lakini hayana kitu. Nilikuwa nimeandika juu ya uvumilivu na baraka.

"Hayo hata mimi nayasema," akasema. "Niambie kitu ambacho hujawahi kumwambia mtu."

Nikamwambia. Kulikuwa na mzee niliyemhudumia, mwalimu mstaafu wa hesabu, kumbukumbu zimemtoka, ambaye kila asubuhi aliniita kwa jina la binti yake. Binti huyo aliishi mbali na hakuwa mtu wa kuja. Mwanzoni nilimsahihisha. Halafu nikachoka, nikaitika. Akawa ananiuliza kama nimekula, kama nimemaliza kazi za shule, nami namjibu, "Yes, Daddy." Majuma hayohayo baba yangu alikuwa anaumwa Morogoro, ananiulizia, nami makaratasi yangu ya uhamiaji hayakuniruhusu kusafiri na kurudi. Baba alikufa wakati namchana nywele mzee yule. Sikuwa nimemwambia hata mume wangu. Niliona kama nimekwenda kuwa mtoto wa mtu mwingine huku baba yangu anazikwa.

Dada alinishika mikono yote miwili. Machozi yalimtoka. "Hiyo ndiyo utakayoisema," akasema. "Usibadilishe hata neno."

Jumamosi zilizofuata tuliifanyia kazi hiyo tu. Nikifika kwenye "Yes, Daddy," alitaka nihesabu tatu kimoyomoyo kabla ya kuendelea. Alinirekodi kwa simu yake ili tusikilize makosa. Nilimshukuru kwa hilo pia.

Ilibaki wiki moja. Nilikuwa chumba cha mapumziko kazini nikila, mwenzangu Mkongo akanisogezea simu.

"Dada, sikia huyu mama. Anasema kazi yetu muzuri sana."

Ilikuwa video ya mkutano wa kina mama wafanyabiashara, kwenye ukumbi wa hoteli huko Herndon. Aliyesimama mbele, na kitenge cha bluu, alikuwa dada yangu. Aliwahi kufanya kazi ya wazee zamani, kabla hajafungua ofisi yake. Akaanza na mwalimu wa hesabu. Akaja kwenye jina la binti. Baba aliyekuwa anaumwa alikuwa wake, na Morogoro imegeuka Nakuru. "Yes, Daddy," akasema, akanyamaza. Nikajikuta nahesabu naye mpaka tatu. Ukumbini wanawake walikuwa wanafuta macho, na mwenzangu pembeni yangu naye analia. Nilimwomba airudie, labda nimesikia vibaya. Chakula kilinishinda.

Nilimpigia nikiwa ndani ya gari, kabla sijatoka kazini.

"Dada, nimeona video."

Akasema, "Nilitaka kukuambia."

"Baba yako yuko hai. Nimemsalimia kwenye simu yako mwezi uliopita."

"Mdogo wangu, msemaji wao alikosekana dakika ya mwisho, wakanisukuma mbele. Sikuwa na kitu. Na stori yako ilikuwa imenikaa. Wale si watu wa kanisa letu, nani angejua?"

"Mimi."

"Na tuseme ukweli," akasema, kwa upole kabisa. "Wewe hukuwa tayari. Ungefika katikati ulie, ukae. Angalau sasa imesikika."

Hapo ndipo aliponiumiza zaidi. Wiki zote hizo aliniambia nitaweza, kumbe alikuwa ananitazama akiwa na jibu lake tayari.

Video ilishafika kanisani. Nikiisema hadithi yangu, mimi ndiye ningeonekana mwizi. Nikampigia mama mchungaji kuomba udhuru. Hakujua lolote. "Pole, mama," akasema. "Basi nitamwomba dada yako akushikie nafasi."

"Hapana," nikasema. "Nitasema mwenyewe."

Jumapili hiyo nilisimama bila karatasi. Dada alikuwa benchi la tatu.

"Wengi wenu mmesikia habari za mzee aliyemwita mhudumu kwa jina la binti yake," nikasema. "Mzee huyo nilimhudumia mimi. Baba aliyekufa ni wangu. Leo nitasema sehemu ambayo sijamwambia mtu yeyote."

Sauti ilitetemeka, nikaendelea nayo hivyohivyo. Nikawaambia kwamba siku nilipopata simu ya msiba, mzee aliniita na sikuitika. Nilisimama kwenye korido nikamwacha aite. Kisha nikaingia nikamwambia mimi si mtoto wake, mtoto wake haji kumwona. Alinitazama kama mwanafunzi aliyekaripiwa. Ilipofika saa ya chakula cha mchana alishasahau, akaniuliza kama nimekula. Mimi sikuwa nimesahau, na sijasahau.

Hakuna aliyelia. Bibi mmoja Mrundi alisema, "Pole, mwanangu," nikasikia kanisa zima likishusha pumzi. Nilitumia dakika kumi na moja.

Baada ya ibada dada alikuja akanikumbatia mbele ya watu. "Umeona? Nilikuambia utaweza." Mikono yangu ilibaki ilipokuwa. Akaninong'oneza, "Lakini hukunitendea haki, kunianika vile." Nilimtazama nikaona anamaanisha. Alijiona yeye ndiye aliyesalitiwa.

Tangu hapo nimesema mara nyingi: kwenye mkutano wa wapangaji wa jengo letu, kwenye harusi ya mwenzangu yule Mkongo, mbele ya wakubwa wetu kazini tulipodai ratiba ya haki. Sitetemeki tena. Wengine husema dada alinifundisha vizuri, nami nakubali, maana ni kweli. Yeye hajaniomba radhi.

Video haijaondolewa. Niliifungua juzi. Chini yake watu wanaendelea kumwandikia pole kwa kufiwa na baba, naye amemjibu kila mmoja, "Asante sana." Binti yangu, anayesikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, aliniuliza kwa nini siandiki ukweli pale. Nilimwambia nimeshausema kwa mdomo wangu. Mimi na dada tunasalimiana kila Jumapili, ananiuliza habari za nyumbani. Namjibu nzuri, wala simsimulii zaidi.