Tarakimu Moja Iliyofuta Wachangiaji Damu

Saa mbili asubuhi, Joanita Atai anawasha kompyuta kuukuu katika ofisi ya chumba kimoja mjini Busia, upande wa Uganda. Haina kipanya. Kioo ni cheusi, maandishi meupe. Anaandika 34,36 kisha herufi p, na mistari ya 34 hadi 36 inajitokeza. Anayasoma majina kwa sauti, moja moja. Ndipo anaandika namba zilezile na herufi d. Mistari inafutika.

“Kwanza naona, halafu nafuta,” anasema. “Zamani nilikuwa nafuta tu.”

Atai, 37, hutunza orodha ya wanaojitolea kutoa damu kuanzia Busia hadi Tororo. Kila mtu ana mstari wake: jina, kijiji, simu, kundi la damu. Hospitali ikihitaji damu, yeye ndiye huwatafuta.

Machi mwaka jana aliambiwa awaondoe watu saba waliohama, mstari wa 212 hadi wa 218. Alikuwa na haraka ya kuwahi mazishi ya shangazi yake. Akaandika 21,218d. Tarakimu moja ilikuwa imemponyoka: 212 ikawa 21. Kompyuta haikuuliza kitu. Akahifadhi, akazima, akaondoka.

Mbali na wale saba, watu wengine 191 walikuwa wamefutika. Nakala haikuwapo.

Siku mbili baadaye hospitali ilipiga simu. Loy Agwang wa Mukuju alikuwa amejifungua na alikuwa akivuja damu. Ilitakiwa ya kundi O hasi. Atai alifungua orodha, akakuta majina mengi hayapo. Alimkumbuka Vincent Oguttu wa Bulumbi, mwenye kundi hilo, lakini namba yake haikuwapo tena. Akakodi bodaboda kumfuata nyumbani.

Walipofika hospitali, Agwang alikuwa amefariki. Mtoto wake wa kike alikuwa hai.

“Daktari aliniambia pengine asingepona hata kama tungewahi,” anasema Atai. “Hiyo ‘pengine’ ndiyo nalala nayo.”

Wiki iliyofuata alikwenda Mukuju kwa mama wa marehemu, akapiga magoti mlangoni.

“Mama, ile kosa ni yangu. Mimi ndiyo nilifuta majina.”

Mama huyo alikuwa amempakata mjukuu mapajani.

“Watu ya hospitali hakuna mwenye alikuja,” alisema. “Wewe umekuja. Sasa enda, rudisha hiyo majina. Zaidi ya hapo mimi siwezi sema.”

Atai alizunguka miezi mitano kwa baiskeli, kanisa kwa kanisa, soko kwa soko. Wengine walimkaribisha, mmoja alimfukuza. Amewapata 163.

Sasa nakala ya orodha huwekwa Tororo kila Ijumaa, na mwakani anakusudia kuwafundisha vijana wawili wa Busitema kazi hiyo. Lakini kabla ya hapo anataka kuwafikia 28 waliobaki.

“Wako mahali, wazima,” anasema. “Hawajui kama nawatafuta.”